Muumba na Mfinyanzi: Historia ya Udongo, Pambo na Ibada, Kutoka Mabonde ya Burundi Hadi Kinindo

Wanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba Mwenyezi Mungu huitwa Muumba, na kwamba jina hilo limetokana na kitenzi kuumba. Ni wachache wanaoelezwa kwamba kitenzi hicho, kabla ya kupanda daraja hadi kutaja kazi ya Mungu, kilitaja kazi ya mikono yenye matope. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameonyesha kwamba shina lake la kale ni -bumba, maana yake kufinyanga vyombo vya udongo. Kiswahili kiliiangusha sauti ya b mwanzoni mwa shina, kama kilivyofanya katika kuona, neno ambalo Warundi hulitamka kubona. Lugha za bara zimeihifadhi sauti hiyo. Kwa Kirundi kubumba ni kufinyanga, ibumba ni udongo wa mfinyanzi, na umubumbyi ni mfinyanzi mwenyewe. Waganda nao humwita omubumbi. Basi Muumba wa Kiswahili na umubumbyi wa Kirundi ni ndugu wa ukoo mmoja walioachana njiani: mmoja alipandishwa mbinguni, mwingine akabaki bondeni.

Katika makala haya tunakusudia kumfuata huyo aliyebaki bondeni. Tutaeleza asili ya ufinyanzi katika nchi za Maziwa Makuu, nafasi ya vyombo vya udongo katika ibada za watu mbalimbali wakiwamo Wayahudi, kuzuka kwa udongo mpya uliotengenezwa viwandani, na hali ya chungu katika mtaa wa mjini kama Kinindo. Swali letu ni moja: kwa nini chungu kimekaribishwa ndani ya nyumba za watu, hali aliyekifinyanga ameachwa nje?

Chimbuko la ufinyanzi

Wachimbuzi wa mambo ya kale wamezipa vigae vya zamani vya eneo letu jina la Urewe, kwa kuwa vilitambuliwa kwanza mahali paitwapo hivyo, magharibi ya Kenya, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1948. Vyungu hivyo vilifinyangwa tangu yapata miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na utengenezaji wake uliendelea kwa karne nyingi. Vinatambulikana kwa mistari iliyochorwa kwa ustadi shingoni na mabegani, na vingi vina kibonyeo kidogo kitakoni, mfano wa alama ya kidole gumba. Vigae vya namna hiyo vimepatikana Kenya, Uganda, Rwanda, kaskazini-magharibi ya Tanzania, mashariki ya Kongo na Burundi, mara nyingi karibu na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Hapana shaka kwamba mpishi angeweza kupika vizuri katika chungu kisicho na mstari hata mmoja. Ile mistari ilikuwa pambo, nayo yatuonyesha kwamba tangu mwanzo mfinyanzi wa nchi hizi hakutosheka na manufaa peke yake.

Baadaye, katika milenia ya pili, mtindo ulibadilika. Badala ya kuchora kwa kijiti, mafundi walianza kubiringisha kamba ya nyasi iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, hata ukabaki na alama za vifundo mfululizo. Ufundi huo haukufa. Uliendelea kutumika katika Rwanda na Burundi mpaka karne ya 20, mikononi mwa watu ambao kwa wakati huo ndio waliokuwa wakijulikana zaidi kwa kazi ya ufinyanzi, yaani Watwa.

Watwa, au Batwa kama wajiitavyo, hukadiriwa kuwa kama asilimia 1 ya wananchi wa Burundi. Wazee wao waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda ya msituni. Kadiri misitu ilivyofyekwa kwa ajili ya mashamba na malisho, ndivyo Watwa walivyozidi kutegemea udongo. Wakawa ndio wafinyanzi wa nchi. Waliteremka mabondeni kuchimba ibumba, wakalibeba kichwani hadi nyumbani, wakaondoa mawe na mizizi, wakalikanda kwa miguu na kwa mikono. Hawakutumia gurudumu. Mfinyanzi alikunja udongo mfano wa kamba nene, akapandisha mkunjo juu ya mkunjo, akalainisha kuta kwa kipande cha kibuyu, kisha akaanika kivulini. Siku ya kuchoma, vyungu vilipangwa juu ya ardhi, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, moto ukawashwa bila tanuri. Kosa dogo la upepo au la unyevu liliweza kuharibu kazi ya juma zima.

Kazi hiyo ililisha nchi nzima. Katika inkono kilipikwa chakula cha mkulima na cha mtawala. Katika ikibindi mlitiwa maji, na pombe ya ndizi au ya mtama ilikaa katika mitungi mikubwa. Pombe ya mtama ilikuwa na heshima ya pekee katika umuganuro, sherehe ya kifalme ya kufungua msimu wa kupanda, ambayo ilikomeshwa mwaka 1929 wakati wa utawala wa Wabelgiji. Watu walizunguka mtungi, wakanywa kwa mirija, na kunywa pamoja kulikuwa ndiyo alama ya udugu. Lakini Mtwa hakuruhusiwa kushika mrija ule. Watu walikataa kunywea chombo alichonywea, wakakataa kula naye na kuoana naye. Mtungi wake uliwekwa katikati ya baraza, yeye akakaa pembeni. Waswahili husema: mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu tunaifundisha methali hii kama fumbo juu ya fundi asiyejijali. Huku Burundi ilikuwa ni maelezo ya hali halisi.

Chombo na kilichomo

Tukitoka barazani na kuingia mahali pa ibada, twaona kwamba udongo umepewa heshima kubwa kuliko waufinyangao. Katika miji ya pwani yetu, ubani na udi hufukizwa katika chetezo, na chetezo cha asili ni cha udongo. Hutumika katika maulidi, harusini na kwa mgonjwa. Kurani Tukufu, katika sura ya Ar-Rahman, yasema kwamba mwanadamu aliumbwa kwa udongo mkavu uliao kama wa mfinyanzi. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo chasema kwamba mtu alifanyizwa kwa mavumbi ya ardhi, na Nabii Yeremia, katika sura ya 18, atumwa nyumbani kwa mfinyanzi ili ajifunze habari za Mungu. Nacho Kiebrania kimefanya jambo lile lile tulilolikuta katika Kiswahili: neno yotzer humtaja mfinyanzi na humtaja pia Mungu afanyizaye. Lugha mbili zisizo na nasaba zimefika mahali pamoja, kwa kuwa wasemaji wake wote walimtazama mfinyanzi akitoa umbo katika tope.

Habari za Wayahudi si ngeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Sinagogi ya kwanza ya Nairobi ilianza kujengwa mwaka 1912. Lubumbashi, mji wa Kongo ambao wenyeji wake husema Kiswahili, ulipata sinagogi yake mwaka 1930, na waumini wake wengi walikuwa wametoka kisiwa cha Rhodes. Huko Uganda, karibu na Mbale, Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita wa Kiganda, alijitangaza kuwa Myahudi pamoja na wafuasi wake mwaka 1919. Jamaa hiyo, Abayudaya, ilipigwa marufuku kufuata dini yake wakati wa utawala wa Idi Amin, ikarudia ibada zake hadharani baada ya mwaka 1979, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawa rabi wa kwanza kutoka miongoni mwao. Mafundi wa Abayudaya hufuma kofia za ibada ambazo huuzwa mpaka Marekani. Basi sanaa ya vyombo vya dini ya Kiyahudi ina makao yake katika Afrika Mashariki pia.

Sanaa hiyo yatufundisha jambo moja lenye manufaa kwa mada yetu. Tuchukue mfano wa mezuza. Katika mwimo wa mlango wa nyumba ya Kiyahudi, upande wa kulia wa aingiaye, hupachikwa kijaluba chembamba. Ndani yake mna kipande cha ngozi kilichoandikwa aya za Kumbukumbu la Torati. Sheria ya dini hukilinda kilichomo kwa ukali: ngozi lazima iwe ya mnyama halali, maandishi lazima yawe ya mkono wa mwandishi aliyehitimu, na herufi moja ikikosekana, mezuza nzima ni batili. Lakini juu ya kijaluba chenyewe sheria haishurutishi kitu kimoja maalumu. Chaweza kuwa cha mti, cha fedha, cha kioo au cha udongo. Hapo ndipo fundi apatapo uhuru wake, na Wayahudi wanahesabu kuwa ni jambo la thawabu kuipamba amri ya Mungu kwa kitu kizuri.

Wala chombo cha udongo hakikuwa dhalili mbele ya maandishi matakatifu. Yeremia huyo huyo, katika sura ya 32, aagiza hati za shamba zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Agizo hilo lilithibitika kuwa la busara katika karne ya 20. Kuanzia miaka ya 1946 na 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana magombo ya kale ya Biblia ya Kiebrania, na baadhi yake yalikuwa ndani ya mitungi. Ngozi zile zilikuwa na umri wa karibu miaka 2000. Ulimwengu wote ulisoma juu ya magombo, na wataalamu wakajadiliana juu ya waandishi wake. Wachache waliuliza ni nani aliyeifinyanga mitungi.

Udongo usiotoka ardhini

Katika karne hiyo hiyo ulizuka udongo wa namna nyingine kabisa, uitwao udongo wa polima. Kwa kweli si udongo. Ni chembechembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na vilainisho na rangi, hata zikawa laini kama unga uliokandwa. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1930, mwanamke aitwaye Fifi Rehbinder alitengeneza mchanganyiko wa namna hiyo kwa ajili ya vichwa vya wanasesere. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Eberhard Faber iliununua utaratibu wake, ikauza bidhaa hiyo kwa jina la Fimo. Karibu na wakati huo huo huko Marekani ulitokea udongo wa Sculpey. Tangu hapo umeenea katika nyumba na shule za nchi nyingi.

Tofauti yake na ibumba yafaa ielezwe wazi. Udongo wa ardhini haugeuki kuwa kigae mpaka moto ufikie nyuzi za sentigredi zipatazo 600 au zaidi. Udongo wa polima huwa mgumu kwa nyuzi 110 hadi 135 tu, yaani katika joko la jikoni la kuokea mikate. Rangi zake zimo ndani tangu mwanzo. Fundi aweza kuunganisha vijiti vya rangi mbalimbali vikawa gogo moja, akalikata vipande vyembamba, na kila kipande kikatoka na ua lile lile. Mbinu hiyo iliazimwa kwa watengenezaji wa shanga za kioo. Kwa namna hii watu hutengeneza shanga, visanduku, vinara na vijaluba vya mezuza, na kwa kuwa sheria imeuacha huru upande wa nje, hakuna rabi anayelazimika kukikataa kijaluba kwa sababu ni cha plastiki.

Hata hivyo udongo huo una mipaka. Haufai kupikia wala kulia chakula. Ukiungua hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo mwenye kutengeneza kinara cha mishumaa sharti atie kikombe cha chuma au cha kioo mahali pa moto. Chetezo cha udongo wa polima hakiwezekani kabisa. Udongo wa bondeni huzaliwa motoni, kwa hiyo haukiogopi kilichouzaa.

Chungu katika Kinindo

Sasa tuurudie mji wetu. Kinindo iko kusini ya Bujumbura, si mbali na ufuko wa Ziwa Tanganyika, na hadi mageuzi ya mwaka 2014 ilikuwa mojawapo ya komini 13 za jiji hilo. Ni mtaa wa makazi wenye nyumba za bustani. Ukipita mitaa ya namna hii utakiona chungu, lakini si jikoni. Jikoni mna sufuria, na maji yamo katika madumu ya plastiki. Chungu kimehamia barazani, kimepandwa maua, au kiko sebuleni kama pambo. Udongo wa polima nao, kwa kuwa huhitaji joko la umeme na pakiti ziletwazo kutoka ng'ambo, huzifaa nyumba za mjini kama hizi zaidi kuliko nyumba za vilimani.

Uhamisho huu wa chungu haukuwa wa hiari. Sufuria za alumini ni nyepesi na hazivunjiki, na dumu la plastiki hupatikana kwa bei ndogo. Kila chombo kipya kilichoingia nyumbani kilimwondolea mfinyanzi mteja mmoja. Zaidi ya hayo, mabonde aliyochimba udongo yamegeuzwa mashamba ya mpunga na ya mboga, au mahali pa kufyatulia matofali. Watwa wengi hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Utumwa wa ardhi uitwao ubugererwa ulifutwa na sheria mwaka 1977, lakini kufuta utumwa si sawa na kugawa mashamba. Katiba ya mwaka 2005, iliyofuata Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, iliwapa Watwa viti 3 katika Bunge na viti 3 katika Baraza la Seneti. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani watu walionyimwa mrija barazani walipata kiti mahali sheria zinapotungwa. Lakini kiti cha Bunge hakimpi mfinyanzi bonde la kuchimbia.

Tunasema basi kwamba pambo laweza kuwa riziki mpya ya mfinyanzi. Chungu cha kupikia kilishindana na sufuria kikashindwa. Chungu cha pambo hakishindani na sufuria. Isitoshe, mnunuzi wa pambo huuliza jambo ambalo mpishi hakuliuliza: nani amelitengeneza? Hapa ndipo penye hatari na penye tumaini. Mwenye kuoka shanga za polima nyumbani kwake huweka jina lake juu ya kazi yake, naye husifiwa kuwa msanii. Mwanamke wa Kitwa aliyejenga mtungi mkubwa kwa mikono mitupu, akauchoma bila tanuri, hukiuza kazi yake kando ya barabara bila jina, na mnunuzi hukipeleka nyumbani kama kitu kilichookotwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Ladi Kwali wa Nijeria alijifunza kufinyanga kijijini kwake kwa mikunjo, bila gurudumu, na leo sura yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, alikwenda Abuja mwaka 1974 akajifunza kwa wanawake wafinyanzi wa huko. Vyungu vyake vya kujengwa kwa mkono vimewekwa katika makumbusho makubwa ya ulimwengu, pamoja na British Museum, na mwaka 2020 alipewa cheo cha heshima cha Dame huko Uingereza. Mbinu yao ni ndugu wa mbinu ya vilima vya Burundi. Kilichotofautiana ni kwamba wao waliulizwa majina yao.

Kazi ya mwalimu

Walimu wenzetu wataweza kuuliza, jambo hili lamhusu nini mfundishaji wa lugha? Lamhusu sana. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Mwanafunzi wa Kirundi ajaye darasani tayari ana kubumba kinywani. Mwalimu akimwonyesha kwamba kuumba ni neno lile lile, atakuwa amempa ufunguo wa maneno mengi mengine, na atakuwa amemwambia kwamba Kiswahili si mgeni nyumbani kwao.

Kadhalika, ufundi ukifa, msamiati wake hufa nao. Wanafunzi wangapi leo wanajua tofauti ya chungu na mtungi, ya kaango na kibia, ya gae na finyango? Twafundisha kwamba udongo uwahi ungali maji, lakini mtoto ambaye hajapata kushika udongo mbichi na kuuona ukimkaukia mkononi hawezi kuujua ukali wa methali hiyo. Tunashauri kwamba mwalimu, kama uko uwezekano, amwalike mfinyanzi darasani awafundishe watoto kwa mikono yake. Amkaribishe kwa jina lake na ampe kiti. Kama kuna chai, wanywe pamoja.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Historia tuliyoieleza ni ya watu waliokipokea chombo wakamkataa mwenye kukifanya, huku ndimi zao zikimpa Mungu jina la kazi yake. Lugha ilikwisha kutoa hukumu ya haki zamani sana, ilipomwita Mwenyezi kwa jina la mfinyanzi. Kilichobaki ni sisi wasemaji kuifuata hukumu hiyo.